Shangazi Alivyoikagua Bahrain

Jumanne iliyopita nilikuwa jikoni kwangu Ghubra nachagua mchele, simu ikalia mlio wa ujumbe. Alikuwa Latifa, kutoka Muharraq ya Bahrain, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia akachoka: mama yake, Bi Moza, ametutoka alfajiri, kitandani kwake, wanawe wote wamemzunguka. Nikakaa kwenye kigoda na sinia la mchele mapajani, nikalia. Nililia mpaka mke wa mwanangu akaja mbio akidhani nimejiunguza. "Nani kafa, Mama?" akaniuliza. Nikamwambia, "Mwenye nyumba wangu." Mtoto wa watu akanitazama kama niliyerukwa na akili, maana hapa Maskati watu huwalalamikia wenye nyumba, hawawalilii. Nikamsimulia kidogo, ile nusu inayosimulika huku mtu anapenga kamasi. Usiku huo nikaona hainitoshi. Mimi si mtu wa kupamba maneno. Nimekuwa mkunga maisha yangu yote, na mkunga akianza kupamba maneno mtu hufa. Basi nitaieleza kama ilivyokuwa, na aibu yake ndani yake, kwa sababu waliohusika na aibu hiyo walikwisha kuicheka wenyewe kabla hawajafa.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tatu, muuguzi mchanga, nakaa na Shangazi Nunuu katika fleti ya Darseit, ghorofa ya pili, juu ya fundi wa viyoyozi aliyeanza kugonga mabati yake kila siku kabla hatujamaliza chai. Vyumba viwili na sebule. Sebule yenyewe Shangazi aliigawa kwa macho tu: upande wa dirishani wa wageni, upande wa jikoni wetu. Upande wa wageni kulikuwa na zulia zito, mito ya kuegemea, na simu ya mezani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, utadhani nayo imeamrishwa stara. Ijumaa nyumba ilijaa. Baba yangu, ambaye ni kaka yake Shangazi, alikuja baada ya swala, akaja ami, wakaja majirani wawili watatu, tukala wali wa nazi na mchuzi wa samaki, na maneno yakawa mchanganyiko. Mtu alianza habari yake Zanzibar akaimalizia Maskati, na hakuna aliyeona ajabu. Mimi nilikuwa upande wa jikoni, na upande wa jikoni ndio unaosikia kila kitu.

Barua ilikuja baada ya Idi. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea ukunga Bahrain, mwaka mmoja, kisha nirudi kazini kwangu. Chuo hakikuwa na mabweni, lakini walitia ndani ya bahasha anwani ya mjane mmoja wa Muharraq anayepangisha chumba kwa wasichana. Niliisoma barua ile mpaka ikalegea mikunjo. Niseme kwa nini. Miezi michache nyuma, zamu ya mchana, aliletwa mama mmoja kutoka Yiti, hoi, damu haikatiki. Mimi nilisimama nimeshika beseni. Mkunga wa wodi yetu, mwanamke mfupi asiyekuwa na maneno mengi, akaingiza mikono yake akafanya alilolifanya, na jioni yule mama akawa anagomba kwa nini chai haina sukari. Nikaenda chooni nikaitazama mikono yangu chini ya bomba. Nikaona haijui kitu. Tangu siku hiyo niliitaka mikono kama ile kwa uroho, kama mja mzito anavyotaka embe bichi. Sijapata kutaka kitu hivyo tena, hata mume.

Niliwasikia kutoka jikoni wakinijadili. "Mtoto wa kike, nchi ya watu, peke yake," Shangazi alisema. "Si peke yake, kuna mwenye nyumba," Baba akajibu. "Mwenye nyumba huyo weye unamjua?" Baba akacheka. "Basi nenda ukamjue. Si ndiyo kazi yako? Nenda naye kabla masomo hayajaanza, kakae, katazame. Ukirudi ukisema panafaa, atakwenda. Ukisema hapafai, mie sina neno." Nikaushika ukingo wa sinki. Mwaka wangu wote ulikuwa umewekwa ndani ya mdomo wa Shangazi.

Na ulikuwa mdomo wenye uzito. Shangazi Nunuu ndiye aliyekuwa jicho la ukoo. Kwetu hakuposwa mtoto wala hakukodiwa nyumba mpaka atumwe mtu mzima akaone, na mtu mzima huyo alikuwa yeye. Aliniambia mara nyingi kwamba nyumba huangaliwa mahali patatu: jikoni, chooni, na mdomoni mwa mwenye nyumba anapozungumza na mtumishi wake. Akirudi hakuulizwa kitu mlangoni. Msafiri kwetu hupumzishwa kwanza. Kesho yake watu huja wakakaa, halua ikaliwa, kahawa ikazunguka, kila mtu akatikisa kikombe chake kuonyesha ametosheka, ndipo mkubwa aliyepo akasema, "Haya, tupe khabari." Atakalolisema msafiri hapo, mbele ya watu, ndilo. Posa zilivunjika katika sebule ile kwa neno lake moja, na mpaka leo kuna watu hapa mjini wana wajukuu kwa sababu Shangazi aliwahi kusema "panafaa".

Tukaenda siku kumi. Kwenye ndege alikaa dirishani, buibui limemkaa sawa, mkoba mapajani, na kisiwa kilipotokea chini akachungulia muda mrefu. "Milima iko wapi?" akaniuliza. Nikamwambia hakuna. "Hakuna hata mmoja? Ajab! Nchi imepigwa pasi." Sisi watu wa Maskati tumezoea kila upande tukigeuka tunakutana na jiwe, kule macho yalikwenda yakaenda mpaka yakachoka yenyewe. Mimi nilipenda papo hapo. Niliona kama mtu amenivua kilemba kilichokuwa kinanibana.

Sasa kuna jambo ambalo asiyekuwa wa huku hawezi kulijua. Maskati huwezi kumsengenya mtu kwa Kiswahili, maana waliotoka Zanzibar kama sisi wamejaa mji mzima. Utamsema muuza vitambaa wa Matrah, utamaliza, naye atakwambia, "Bibi, bei hii hata Darajani ya Unguja huipati." Ukimsema mwanamke kwenye foleni ya hospitali, ukigeuka unakuta ni binamu yako. Kwa hiyo Shangazi, mwenye ulimi wa wembe, aliishi miaka mingi ameufunga kitambaa. Magurudumu yalipogusa ardhi ya Bahrain akavuta pumzi akasema, "Alhamdulillahi. Huku hapana anayetufahamu. Mwanangu, n'tasema." Na alisema, siku tisa nzima.

Bi Moza alitupokea mlangoni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpana, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, mwenye kicheko kinachotangulia kabla ya maneno yake. Akatubusu, akatukaribisha kwa Kiarabu chao kile cha kuvuta, ya hala, ya hala, akatuvusha ukumbi tukatokea uani. Ilikuwa nyumba kongwe, ndani ya kichochoro ambacho wanawake wawili wenye vikapu hawapishani bila kuombana radhi. Kuta za mawe ya matumbawe, nene, zimepakwa chokaa. Dari la boriti. Nilitazama juu nikaona boriti zile zile za nyumba za kwetu, zimepangwa vile vile, na rangi imeziiva vile vile. Chumba changu kilikuwa kidogo, kina kitanda, kabati, meza ya kusomea, na dirisha la kutazama uani ambako kulikuwa na mkunazi na kamba ya nguo. Shangazi alipitisha kidole juu ya kabati, akakitazama kidole. Hakikuwa na vumbi. Nikamwona amekunja uso.

Asubuhi ya kwanza tuliwekewa tambi. Tambi za sukari, kama zetu za mwezi wa Ramadhani, zina hiliki, zina zafarani, zinanukia nyumba nzima, na juu yake, toba, zimefunikwa yai la kukaanga. Shangazi akamtolea Bi Moza tabasamu la peponi, akamwambia kwa Kiarabu Mungu aisalimishe mikono yake. Kisha, tabasamu lile lile usoni, akanigeukia akasema kwa Kiswahili, "Yai juu ya tambi! Huyu kakosa wazee wa kumfunza. Kula, usinitie aibu." Bi Moza akainamia birika kumimina chai. Niliona midomo inamcheza, nikadhani anapiga bismillahi.

Ikawa ndiyo kawaida yetu. Jikoni: "Pasafi, lakini visu butu; nyumba haina mwanamume." Chooni: "Pamezidi usafi. Mwenye choo hivi ana jambo analificha." Bi Moza alikuwa na mtumishi, mama wa Kihindi, na kila asubuhi kabla ya kumwagiza chochote alimwuliza kuhusu mtihani wa mwanawe kule kwao, walikuwa wakihesabu pamoja siku zilizobaki. Shangazi alisikiliza siku tatu akitafuta ufa. Siku ya nne akasema, "Anajitia tu kwa kuwa tupo." Na yote hayo aliyasema mbele ya mwenye nyumba, waziwazi, sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. Mimi niliona haya, lakini haya ya juujuu, ya mtoto anayejua mama yake hafahamiki.

Mchana Bi Moza alitutembeza. Aliendesha gari mwenyewe, gari kuukuu lenye mlango mmoja usiofunguka, na Shangazi alikaa mbele ameshika kishikio, anasoma nyuradi. Alitupeleka kwa wafinyanzi wa A'ali, ambako vilima vya makaburi ya watu wa kale vimejipanga mpaka huwezi kuvihesabu, na nyumba za watu walio hai zimekaa katikati yake kwa amani, watoto wanacheza mpira juu ya maiti. Alitupeleka sokoni kwa mzee aliyemimina lulu juu ya kitambaa chekundu, akazichanganya kwa kidole, akatueleza ipi ilizaliwa kwenye maji gani, na hakutuuliza hata mara moja kama tutanunua. Tulipopotea njia Muharraq, mimi na Shangazi, tulimwuliza mwoka mikate. Akamwachia mwenzake tanuri, akatusindikiza mpaka mlangoni, akarudi bila kungoja asante. Watu wa kule wanacheka haraka. Wanakuuliza jina, halafu jina la mama yako, na kesho yake wanalikumbuka. Nimekwenda nchi nyingi tangu hapo, kubwa na tajiri, na sijaona tena nchi ndogo hivyo iliyokaa na wageni wake kwa raha hivyo.

Jioni moja pwani Bi Moza akatuambia kwamba zamani, chini ya bahari ile ya chumvi, kulikuwa na chemchemi za maji matamu, na wapiga mbizi walikuwa wakizama na viriba wakavijaza huko chini. Mama zake na bibi zake walikunywa maji hayo. Nilimwona Shangazi amegeuza uso upande wa bahari. "Subhanallah," alisema polepole. Kisha akakumbuka kazi yake, akaniambia, "Waongo hawa." Lakini sauti haikuwa na nguvu. Na siku ya tano nilimwona kwa macho yangu akisogeza sahani aongezwe tambi, na yai juu yake.

Leo ninajua nilichokuwa nikikiona. Mtu anayependa mahali na hataki kupapenda hugeuka mkali. Nimewaona wanawake wenye uchungu wa kuzaa wakiwatukana waume zao kwa namna hiyo hiyo. Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na tatu na roho yangu iko mkononi. Nilichojua ni kwamba kila akikunja uso, mwaka wangu unapungua.

Siku ya tisa nilikwenda peke yangu kukiona chuo. Niliporudi, miguu haigusi chini kwa furaha, nilimkuta Shangazi ukumbini kwenye simu, anazungumza na Baba kwa ile sauti ya watu wanaodhani Maskati ni lazima isikie bila waya. Aliponiona akakatisha mazungumzo. "Haya, tutazungumza n'kirudi." Akafunika simu kwa mkono, kwa mazoea, akitafuta kitambaa kisichokuwapo. Pembeni alikaa Bi Moza anashona kifungo cha sare ya Latifa, kichwa chini. Sindano haikuwa ikienda. Nilidhani amesinzia. Usiku, tumelala kitanda kimoja, nikajitia ujasiri. "Shangazi, utawaambia nini?" "N'tasema nilichokiona," akajibu, akageukia ukutani. Shangazi yangu aliyekuwa akitazama watu wazima mpaka wakaangusha macho hakuweza kunitazama gizani. Nikajua nimekwisha. Nikalala nimeuma mto.

Asubuhi ya kuondoka Bi Moza akaleta sinia mwenyewe, akaliweka, akafunua. Tambi tupu, zinang'aa kwa samli na zabibu. Akakaa mbele yetu, akavaa miwani, na akasema kwa Kiswahili, Kiswahili safi chenye ladha ya Lamu: "Leo sikutia yai, Bi Nunuu. Nimesikia kwenu hayatiwi."

Wallahi nilitaka ardhi ipasuke. Mkono wa Shangazi ulisimama hewani na tonge ndani yake. Bi Moza hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Akatueleza taratibu, akitafuta maneno mengine kama mtu anayetafuta vitu kwenye sanduku la zamani. Mama yake mzazi alikufa yeye akiwa mchanga. Baba yake akaoa Lamu, akaja na mke huyo Muharraq, na mwanamke yule hakuwa na mtu wa kuzungumza naye kwa lugha yake isipokuwa mtoto wa kambo. Akamfunza kila kitu kwa Kiswahili: kusuka, kupika, kugombana. "Tangu nimzike, sijaisikia lugha hii ndani ya nyumba hii," alisema. "Hata wanangu hawaijui."

"Kwa nini hukusema siku ya kwanza?" Shangazi aliuliza.

"Lau ningenena, mngenyamaa. Nami nilitaka kusikia."

"Na matusi yote yale?"

"Mama yangu alikuwa mkali kukushinda. Choo changu angekisema zaidi. Nikikusikia wewe, ni kama namsikia yeye."

Shangazi akaangusha tonge sahanini, akajifunika uso kwa mtandio. Sikujua kama analia au anacheka. Nadhani hata yeye hakujua. Akamshika Bi Moza mkono, akasema, "Nisamehe, dada yangu. Nisamehe, nimekula chakula chako, na kwa kukusengenya nimekula na nyama yako." Bi Moza akasema amekwisha kusamehe, tangu siku ya kwanza. Kisha akauacha ule mkono. "Ila la jana, la simu. Lile halikuwa masengenyo, Bi Nunuu. Lile lilikuwa uwongo. Na mimi halinidhuru kitu. Atakayedhurika amekaa hapo."

"Lipi?" nikauliza, ingawa moyo ulikwisha kuniambia.

"Kula!" walisema wote wawili, kwa pamoja.

Kwenye ndege Shangazi alikuwa amepakata kopo la halua ya Bahrain, ile nyekundu laini, ameikumbatia kwa mikono miwili, na macho yakiwa dirishani ingawa tulikuwa juu ya mawingu. Sikumwuliza. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa namwonea huruma. Yeye ndiye aliyenilea. Mtu hawezi kumchukia aliyemchana nywele.

Kesho yake watu wakaja Darseit. Baba, ami na mkewe, majirani wawili. Halua ya Bahrain ikawekwa kando ya yetu, wakaonja, wakabishana, wakakubaliana kwamba ni nzuri lakini haiwezi kuwa halua. Kahawa ikazunguka. Mimi nilisimama mlango wa jikoni na birika mkononi, nikavihesabu vikombe vikitikiswa kimoja baada ya kimoja, na cha Baba kilikuwa cha mwisho. "Haya, Nunuu," alisema. "Tupe khabari."

Shangazi akajiweka sawa kwenye mto. Akaanza na nchi iliyopigwa pasi. Akawaeleza makaburi, na lulu, na mwoka mikate aliyeacha tanuri lake. Aliwaeleza maji matamu chini ya bahari ya chumvi, na alipofika hapo sebule yote ikasema subhanallah. Alieleza vizuri mno, na mimi nikawa nangoja "lakini". Ami akauliza, "Na nyumba?"

"Jikoni pasafi. Chooni pasafi. Na mtumishi wake hazungumzi naye kama mtumishi, anazungumza naye kama mwenzake."

Baba akakunja uso. "Mbona juzi kwenye simu uliniambia nyumba chafu, na mwenye nyumba mkorofi, na mtaa si wa watu?"

"Nilikwambia."

"Sasa?"

"Nilisema uwongo." Alisema hivyo hivyo, wazi. Fundi wa viyoyozi alikuwa akigonga huko chini, na yeye akangoja anyamaze. "Pangekuwa pabaya ningemwachia ende, kwa kuwa pabaya mtu hurudi. Nimeona pazuri. Nikasema huyu akikaa hapa harudi, na mie n'tabaki na nani? Nikamsingizia mwanamke wa watu ndani ya ukumbi wake, kwenye simu yake, naye yupo ananisikia, na usiku akanipikia." Akauvuta mtandio wake. "Basi mbele yenu nyote, nasema panafaa. Mwacheni ende."

Hakuna aliyetikisa kitu. Mke wa ami akatazama zulia. Baba akakohoa, akasema, "Basi atakwenda," na watu wakaanza kuulizia viatu vyao mapema kuliko siku zote. Nilipomkumbatia Shangazi jikoni alinisukuma, akaniambia birika linamwagika. Mwaka ule na ule uliofuata hakuna aliyemtuma tena kukagua nyumba wala posa. Mtu aliyesema uwongo mara moja, walisema, tutajuaje? Naye alijua itakuwa hivyo kabla hajafungua mdomo. Hilo ndilo ninalotaka mke wa mwanangu alielewe, na wanangu wote. Alikuwa na kitu kimoja tu cha thamani mbele za watu, akakitoa ili mimi nipate mikono.

Nikaenda. Sitaki kuusimulia mwaka mzima. Mwaka wa masomo unafanana na mwingine, usingizi kidogo na miguu kuuma. Nilijifunza kazi. Nilikula tambi na yai mpaka nikaziona zile nyingine zimekosa nguo. Lakini kila Ijumaa baada ya alasiri simu ya ukumbini ililia, na Ijumaa ya kwanza niliikimbilia viatu mkononi. "Shangazi!" nikasema. "Hujambo, mwanangu? Umekula? Haya, sikukupigia weye. Niitie mwenzangu." Bi Moza akaja akijifuta mikono, akakaa kwenye kiti, akaninyang'anya simu, na wakaanza. Saa nzima. Walisemana, walisengenya watu wa Darseit na watu wa Muharraq ambao hawajawahi kuonana, walifundishana mapishi na kila mmoja akamwambia mwenziwe amekosea. Latifa alikuwa akija kukaa chini miguuni mwa mama yake, hafahamu hata neno, anamtazama mdomo tu. "Mama anakuwa mtoto," aliwahi kuniambia.

Mwisho wa mwaka walinitaka nibaki. Kazi nzuri, wodi mpya, chumba changu kile kile. Sikumwambia mtu isipokuwa Bi Moza, na nilimkanya asiseme, naye akanitazama kwa huruma kama unavyomtazama mtu anayekanya mvua. Ijumaa iliyofuata simu ikalia, nikaipokea, nikasema, "Ngoja nimwite."

"Usimwite. Leo nakutaka weye. Wamekutaka ubaki?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na weye unataka?"

"Sijui."

"Basi nisikilize. Mwaka jana nilisema uwongo ili nikuzuie. Leo sikudanganyi: nakutamani kila siku ya Mungu. Nikisikia mlango wa chini nasimama. Lakini hilo langu, si lako. Usije ukarudi kunilipa. Ukirudi kunilipa n'takujua, na sikufungulii."

Nilikaa chini sakafuni, mgongo ukutani. Nilimwona akilini mwangu akiwa upande wa wageni, kitambaa cha simu amekikunja mapajani, hana mgeni hata mmoja. Nilimfikiria yule mama wa Yiti na chai yake isiyo na sukari, na wodi yetu, na wanawake wanaoingia pale wakilia kwa Kiarabu na Kiswahili katika pumzi moja, na nikajua ninataka kuwa wapi. Haikuchukua muda. Nadhani nilikuwa najua siku nyingi, nilikuwa nangoja mtu aache kunivuta.

"Narudi, Shangazi."

Nikasikia anapenga kamasi huko Maskati.

"Umeamua mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Wallahi?"

"Wallahi."

"Basi mwite Moza haraka," akasema, "nataka nimwambie mie kabla hujamwambia weye."